Mvinyo Ulio Hirimu ya Mtu

Hirimu ya mtu ni yule aliyezaliwa siku zake, akacheza naye utotoni, akaingia naye jandoni, na ambaye katika uzee huweza kumwita kwa jina la utani mbele ya wajukuu wala asione haya. Neno hili twalitumia kwa watu tu. Mnazi uliopandwa siku kilipozikwa kitovu cha mtoto hauitwi hirimu yake, ijapokuwa wamekua pamoja. Walakini katika Ulaya iko desturi ya kumtafutia mtu, siku ya ukumbusho wa kuzaliwa kwake, hirimu asiye mtu, nayo ni chupa ya mvinyo uliotokana na zabibu zilizovunwa mwaka ule ule aliozaliwa. Waalimu na makasisi wengi wameikuta desturi hii katika vitabu vya Kiingereza, na baadhi yetu tumepata kuulizwa na rafiki wa ng'ambo tulizaliwa mwaka gani, tusijue kwa nini twaulizwa. Twaona yafaa kueleza asili yake na jinsi mvinyo wa namna hiyo uchaguliwavyo.

Twajua ya kuwa wako wasomaji wetu ambao makanisa yao yakataza kileo kabisa. Hao hatuwashawishi. Watakayoyakuta humu ni habari za miaka na za ushuhuda zaidi ya habari za kunywa.

Kwanza, juu ya maneno. Neno *mvinyo* twalipata kwa Wareno, ambao husema *vinho*, na kwa muda mrefu katika pwani lilitajwa kwa kila kileo kikali, si kwa cha zabibu peke yake. *Divai* yatoka katika Kifaransa, *du vin*, na kwa kuwa imetumika sana katika mambo ya altare imepata heshima iliyo zaidi. Hapa tutasema mvinyo, maana sehemu kubwa ya habari hii ni ya Wareno. Tena liko neno la tatu tulilolipokea kwao, nalo ni *pipa*. Sisi hutia ndani yake maji ya mvua au mafuta, tusiulize lilikotoka. Kwao pipa ni chombo cha mvinyo na pia ni kipimo chake, na msomaji atalikuta tena huko mbele.

Katika watu wa kale waliojivunia mvinyo wa mwaka wao, ajulikanaye zaidi ni mshairi Horatius wa Roma. Warumi hawakuwa na desturi ya kuutaja mwaka kwa tarakimu kama tufanyavyo sisi. Waliuita kwa majina ya makonsuli wawili waliotawala mwaka ule, na jina la konsuli liliandikwa juu ya mtungi wa mvinyo ili wakati wake ujulikane. Hesabu ya namna hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walisema mwaka wa nzige, mwaka wa ndui, mwaka wa njaa fulani. Nao Wakikuyu waliyapa marika ya waliotahiriwa majina ya mambo yaliyotokea wakati wa tohara yao. Horatius alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 65 kabla ya Kristo, Manlius Torquatus akiwa konsuli. Katika kitabu cha tatu cha nyimbo zake, kilichotolewa mwaka 23 kabla ya Kristo pamoja na viwili vilivyokitangulia, liko shairi ambalo ndani yake ausemesha mtungi wa mvinyo kana kwamba ni mtu, akiukumbusha kwamba walizaliwa pamoja chini ya konsuli yule. Kisha auomba ushuke, kwa sababu mgeni wake Corvinus ataka mvinyo uliokwisha kulainika. Neno hilo la kushuka halikuwekwa bure. Warumi hawakuficha mitungi yao chini ya ardhi kama wafanyavyo watu wa Ulaya leo, bali waliipandisha darini, mahali palipofikiwa na moshi wa moto wa nyumbani, wakiamini ya kuwa joto na moshi huukomaza mvinyo upesi. Mhaya au Mchaga aliyekausha ndizi zake juu ya dari la jiko hatalishangaa jambo hilo.

Je, mtungi ule uliwekwa na nani? Shairi halisemi. Baba yake Horatius alikuwa mtumwa aliyewekwa huru, mtu wa mali kidogo, naye alitumia alichokuwa nacho kumsomesha mwanawe. Hatudhani ya kuwa alikuwa na nafasi ya kuweka mitungi. Twaona yaelekea zaidi kwamba mshairi mwenyewe, au rafiki tajiri, aliutafuta baadaye. Twalitaja hili mapema kwa sababu ndilo litakalotenga namna mbili za zawadi hii.

Warumi walijua pia ubaya wa jambo lenyewe. Mvinyo wa mwaka 121 kabla ya Kristo, Opimius alipokuwa konsuli, ulisifiwa kuliko wote, na Plinius aandika kwamba hata katika siku zake, baada ya miaka karibu 200, baadhi yake ulikuwako bado. Lakini ulikuwa umegeuka kuwa kama asali chungu, usionyweka wenyewe, ukafaa tu kutiwa kidogo katika mvinyo mwingine. Naye Petronius, katika kisa cha karamu ya Trimalchio, asimulia jinsi chupa zilivyoletwa mezani zikiwa na vibandiko shingoni vya kusema kwamba ni mvinyo wa Opimius wenye miaka 100. Siku za Nero mvinyo ule ulikuwa umepita miaka 170. Tajiri yule alitaka kujionyesha, wala hakujua hesabu.

Dola ya Roma ilipoanguka, mitungi ile iliyozibwa vema iliachwa, na mapipa ya mbao yakashika mahali pake. Pipa ni jepesi kuviringisha na halivunjiki, lakini kila litolewapo kikombe kimoja hewa huingia, na mvinyo huanza kuelekea siki. Kwa hiyo katika miaka mingi ya zama za kati mvinyo mpya ndio uliokuwa ghali; ule wa mwaka uliopita ulishuka bei mara meli za mavuno mapya zilipofika bandarini. Mtu ambaye angalimpa mwenziwe mvinyo wa miaka 20 angalimpa siki. Zawadi tuizungumziayo haikuweza kuwako, hata kama mtu angaliitaka.

Kilichoirudisha ni chupa, na chupa yenyewe ililetwa na uhaba wa kuni. Mwaka 1615 mfalme James I wa Uingereza alikataza tanuru za kioo kuchomwa kwa kuni, kwa kuwa miti ilitakiwa kwa merikebu zake. Wafua vioo wakalazimika kutumia makaa ya mawe, na moto wake ulio mkali ukawapa kioo kizito, cheusi, chenye nguvu kuliko kile cha kwanza. Kizibo kilitoka Ureno na Hispania, nacho ni gome la namna ya mwaloni unaomea huko. Hata hivyo chupa za kwanza zilikuwa na tumbo nene kama kitunguu, hazikuweza kulala, na kizibo cha chupa iliyosimama hukauka, kikapenyeza hewa. Katika karne ya 18 mafundi waliendelea kuzinyoosha mbavu zake kidogo kidogo, hata mwisho wa karne ile chupa ikawa ndefu, yenye pande zilizo sawa, ikawezekana kulazwa juu ya wenzake kama matofali. Ikilala, mvinyo hugusa kizibo, kizibo hulowa na kuvimba, na hewa haipati njia. Mambo makuu ya wafalme twayasoma mashuleni. Hili la chupa kujifunza kulala hatulisomi, nalo ndilo lililowapa watu uwezo wa kuuweka mwaka mmoja chini ya ngazi na kuufungua baada ya miaka 40.

Mvinyo uliofaidika zaidi kwa chupa hizo ni ule wa bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, uitwao kwa jina la mji wa Porto. Waingereza waliugeukia kwa sababu za vita na ushuru. Walipokosana na Wafaransa walifanya mapatano na Ureno mwaka 1703, na kwa mapatano hayo mvinyo wa Ureno ulitozwa ushuru uliopungukiwa na theluthi moja ukilinganishwa na wa Ufaransa. Biashara ikakua, na udanganyifu ukakua pamoja nayo, hata mwaka 1756 waziri Pombal akaanzisha kampuni ya serikali na kuweka mipaka ya mashamba yaliyoruhusiwa kutoa mvinyo ule. Mawe ya mipaka hiyo yangalipo mengine hata leo. Zabibu hupandwa katika ngazi zilizochongwa katika majabali ya bonde, na zamani mapipa yaliteremshwa kwa mashua mpaka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto ukiwa Porto, ambako maghala ya wafanya biashara yamepangana kando ya maji.

Mvinyo huo hutiwa brandi kabla sukari ya zabibu haijageuka yote kuwa kileo. Brandi huikatiza kazi ile, na kinachobaki ni mvinyo mtamu na mkali. Desturi hiyo haikukubaliwa na wote. Mwingereza Joseph James Forrester, aliyechora ramani nzuri ya mto Douro na kupewa na Wareno cheo cha baroni, alitoa kijitabu mwaka 1844 akiwashutumu wenzake kwa kuuharibu mvinyo halisi kwa brandi. Wanywaji hawakumsikia; walikuwa wameizoea ladha ile. Mwaka 1861 mashua yake ilipinduka katika mto huo huo, naye akafa maji. Twasikitika juu yake, lakini kwa habari yetu ya leo twakiri kwamba brandi aliyoichukia ndiyo iliyoupa mvinyo wa Porto umri mrefu kuliko karibu kila mvinyo mwekundu mwingine.

Basi katika karne ya 19 Waingereza wenye mali wakawa na desturi hii. Mtoto akizaliwa na kubatizwa, baba yake wa ubatizo humnunulia pipa zima la Porto la mwaka wake. Pipa la wauzaji lilikuwa la lita 534, nalo lilitoa chupa 700 na zaidi. Chupa zikalazwa gizani katika ghala ya chini ya nyumba, na mtoto akaendelea na mambo yake, akaota meno, akaenda shule, wala hakuna aliyezigusa. Zilingoja siku atakapotimiza miaka 21, maana huo ndio umri ambao sheria ya Uingereza ilimhesabu mtu kuwa mzima, mpaka ulipoteremshwa kuwa miaka 18 kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Mvinyo wa Porto wa namna hiyo hukaa katika mti kama miaka miwili tu, kisha hutiwa chupani ukiwa bado mweusi, mkali, wa kuumiza ulimi; huchukua miaka 15 au 20 kabla haujaanza kupendeza. Hivyo sheria na mvinyo vilikutana katika hesabu moja. Hatujui desturi nyingine ambayo ndani yake kinywaji na kijana walifikia utu uzima katika juma moja.

Msomaji na atazame umri wa mtoaji pia. Baba wa ubatizo aliyekuwa na miaka 50 mbele ya birika la ubatizo angekuwa na miaka 71 siku ya kufungua chupa ya kwanza, na katika karne ile wengi hawakufika. Alinunua kitu ambacho labda hatakionja, kwa ajili ya siku ambayo labda hataiona, akakiweka katika nyumba ya watu wengine, akiwaamini wasikinywe.

Jambo kama hili halikuzaliwa Ulaya peke yake. Katika Uchina kiko kitabu cha mimea ya kusini kinachohesabiwa kuwa cha Ji Han, mtu wa karne ya 4, nacho chasimulia kwamba watu wa huko, wakimpata mtoto wa kike, hutengeneza kileo kingi, hukitia katika mitungi na kuificha chini ya bwawa, wala haitolewi mpaka binti aolewe. Katika mji wa Shaoxing desturi hiyo imeendelea kwa kileo cha mchele, nacho mitungi yake huzikwa ardhini. Jina lake kwa Kichina lina maana ya wekundu wa binti. Twaona ya kuwa Wachina na Waingereza, wasiosikilizana, walichagua siku iliyo sawa kwa maana yake, siku ambayo mtoto haitwi mtoto tena. Kwetu sisi tembo na pombe ya nafaka havingeweza kazi hii, kwa kuwa uhai wake ni wa siku chache. Mwaka wa kuzaliwa tukaukabidhi kwa mti, kwa jina, na kwa kumbukumbu ya bibi.

Sasa twarudi kwa zile namna mbili. Ya kwanza ni *kuweka*: mtoaji hununua mtoto angali mchanga, na zawadi hukua pamoja naye. Ya pili ni *kutafuta*: mtu amekwisha fika miaka 50 au 60, na rafiki zake hutembea madukani na minadani wakiuliza kama mvinyo wa mwaka wake ungaliko. Siku hizi namna ya pili ndiyo iliyoenea, nayo ndiyo yenye taabu, maana atafutaye hachagui mwaka. Mwaka ulikwisha kuchaguliwa na mama wa mwenye kupewa, na mvua na jua la mwaka ule havikumwuliza mtu.

Tutoe mfano ambao wasomaji wetu hawatausahau. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Katika Bordeaux, Ufaransa, mavuno ya mwaka huo yalikuwa machache kwa sababu ya baridi iliyoharibu maua, lakini mvinyo wake umehesabiwa kuwa miongoni mwa iliyo bora ya karne nzima. Katika Douro wauzaji wengi hawakuona sababu ya kuutangaza mwaka huo. Mwaka 1963 Kenya na Unguja zilipata uhuru. Mvinyo wa Bordeaux wa mwaka huo ulikuwa dhaifu, wa maji maji, na uliokwisha kufa zamani; ule wa Porto ni fahari ya Douro. Kwa hiyo anayemtafutia mtoto wa uhuru wa Tanganyika na aende Bordeaux akiwa na fedha nyingi, na anayemtafutia mtoto wa uhuru wa Kenya na aende Porto. Ashikaye jina moja kubwa na kulifuata kila mwaka atakosea. Hata nyumba ya Château d'Yquem, inayosifiwa kwa mvinyo wake mtamu, haikutoa mvinyo wake mkuu katika miaka ya 1964, 1972, 1974, 1992 na 2012, kwa kuwa zabibu hazikuridhisha. Mtu wa miaka hiyo hawezi kupata hirimu huko, na akiipata ajue kwamba amedanganywa.

Katika Porto yenyewe mwaka hautangazwi kila mara. Katika miaka 10 hutangazwa kama mitatu. Na si ubora peke yake uamuao. Mwaka 1931 zabibu zilikuwa nzuri mno, lakini maghala yalikuwa yamejaa mvinyo wa 1927 na biashara ya dunia imeanguka. Wauzaji wengi wakanyamaza. Quinta do Noval walikuwa miongoni mwa wachache waliotangaza, na mvinyo wao wa mwaka huo sasa hutafutwa kama lulu.

Kwa mtu aliyezaliwa katika mwaka ulionyamaziwa, shauri letu ni kutafuta ile namna ya Porto iitwayo *colheita*, yaani mavuno. Hiyo ni ya mwaka mmoja, lakini hukaa ndani ya mapipa si chini ya miaka saba, na mara nyingi makumi ya miaka, ikapoteza wekundu wake na kuwa na rangi ya kahawia. Hupatikana kwa miaka mingi zaidi, bei yake huwa ya kiasi, na chupa huonyesha mwaka wa mavuno pamoja na mwaka wa kutiwa chupani.

Kwa nchi zetu za joto twausifu zaidi mvinyo wa kisiwa cha Madeira. Katika karne ya 17 na ya 18 mapipa yake yalipakiwa katika merikebu zilizovuka bahari za joto, na wafanya biashara wakagundua ya kuwa mvinyo uliochemshwa na jua la safari ulirudi ukiwa mzuri kuliko ulivyoondoka. Basi wakajifunza kuupasha joto makusudi, wengine katika madari ya juu chini ya vigae, karibu na ile njia ya Warumi. Ule wa daraja la juu huwekwa katika mti miaka 20 au zaidi kabla ya kuuzwa. Mvinyo uliokwisha kuteswa hivyo hauogopi tena. Husafiri, huvumilia, na hata ukifunguliwa hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Udanganyifu hatukuumaliza kwa Trimalchio. Mwaka 2008, katika mnada wa New York, zilitolewa chupa za mvinyo wa Clos Saint-Denis zilizoandikwa kuwa za nyumba ya Ponsot ya Burgundy, nyingine za mwaka 1945. Mwenye nyumba, Laurent Ponsot, alipinga, maana jamaa yake hawakuanza kutoa mvinyo wa shamba hilo mpaka miaka ya 1980. Chupa zikaondolewa mnadani. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa kuwa na hatia mwaka 2013, na mwaka 2014 akafungwa miaka 10; nyumbani mwake vilikutwa vibandiko na vifaa vya kutengenezea chupa za uongo. Mlevi hadanganyiki kwa namna hii, kwa kuwa yeye hununua kileo; adanganyikaye ni yule anunuaye mwaka. Kwa hiyo ni heri kununua katika nyumba iliyoutengeneza mvinyo wenyewe, ambayo mara nyingi huwa na akiba ghalani mwake, au kwa muuzaji awezaye kueleza chupa ilikaa wapi tangu ilipotoka huko. Tena itazamwe shingo ya chupa: mvinyo ukiwa umeshuka mpaka mabegani, hewa imekwisha kuingia.

Tulimjua padre mmoja, mtu wa vichekesho na wa sala, aliyetimiza miaka 50 katika mwaka 2012. Rafiki aliyesoma naye ng'ambo alimletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux wa 1962, akiwa ameuandika mwaka ule kutoka katika barua za shule. Padre aliiweka juu ya kabati la vitabu, chini ya mabati, akisema ataifungua askofu akija. Askofu alichelewa miaka miwili. Hata tulipoifungua kizibo kilikuwa kimesukumwa juu na joto, na harufu iliyotoka ilikuwa ya siki na ya gunia lililolowa. Padre alimimina kidogo katika glasi, akainusa, akacheka sana. Ndipo alipotueleza lile ambalo hakumwambia rafiki yake. Mwaka 1962 ulikuwa wa daftari ya ubatizo. Alibatizwa akiwa amekwisha kutembea, na katekista akaukisia mwaka kwa kutazama meno yake. Mama yake siku zote alisema kwamba alimzaa siku zile mafuriko yalipoikata njia ya kwenda misioni, na mvua zile kubwa zilianza mwishoni mwa 1961. Mmoja wetu akasema kwamba kama mama alisema kweli, basi ni bahati, kwa sababu Bordeaux ya 1961 rafiki yule asingeiweza bei. Padre aliiosha chupa, akaiweka tena kabatini, na kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake huitazama na kusema kwamba mmoja wao ni mdogo, ila hajui ni yupi.

Hata anayeujua mwaka wake barabara na akumbuke kwamba mwaka wa mvinyo si sawa kabisa na mwaka wa mtu. Katika Ulaya zabibu huvunwa mwezi wa Septemba na Oktoba; aliyezaliwa Januari ni mkubwa wa mvinyo wake kwa miezi minane au tisa, kama kaka na mdogo wake, na aliyezaliwa Desemba huukuta umekwisha kukanyagwa. Katika Afrika ya Kusini huvunwa mwanzo wa mwaka. Na katika Dodoma, ambako mizabibu yetu huzaa mara mbili kwa mwaka, mtoto mmoja aweza kuwa na hirimu wawili, mkubwa na mdogo, katika mwaka ule ule. Hatujaona bado mvinyo wa Dodoma uliowekwa kwa ajili ya mtoto hata akawa mtu mzima, wala hatuwezi kusema ungekuwaje. Lakini twapenda kumjua atakayejaribu, mradi awe na mahali penye giza na baridi.

Na atakaye kufuata ile namna ya kwanza, kumwekea mtoto Porto la mwaka wake, awe na subira tangu mwanzo. Mvinyo wa mavuno ya Septemba hukaa mapipani na kuonjwa tena na tena, na wenye nyumba hawatangazi kama mwaka wastahili mpaka wakati wa machipuko wa mwaka wa pili. Mtoto huwa amekwisha kubatizwa, ametambaa, amesimama, na pengine amekwisha kuanguka na kuinuka mara nyingi, ndipo baba yake wa ubatizo apatapo habari kutoka Porto kama mwaka wake umepewa jina au umenyamaziwa.